Fungate Yangu na Kompyuta ya Tinde

Dada Neema, shikamoo. Fungate imenoga. Mume wangu aliniahidi ufukwe wa Chato, nikapata Tinde, mbali na ziwa lolote, na gauni ulilonishonea linapendeza mno kwenye vumbi la ofisi ya kikundi cha wajane anachokifundisha kompyuta. Nyinyi mlioolewa na watu wa kawaida, poleni.

Jana kompyuta yao ilikuwa ikizimika kila mara, na fomu ya kuomba kisima ilitakiwa itumwe kabla ya saa sita. Mtaalamu wangu alilala chini ya meza asubuhi nzima akikagua nyaya. Hata visigino vyake ni vizuri, dada. Mimi nikaona kitambaa kizito cha kufuma kimeifunika mashine hadi matundu ya hewa. Nikakitoa. Ikapoa, ikawaka, haikuzimika tena.

“Nilikifuma mwenyewe,” akasema mwenyekiti wao, Mama Kulwa. “Kitu cha thamani hakikai uchi.”

Fomu ikaondoka saa sita kasoro dakika tano. Mama Kulwa akakikunja kitambaa, akanikabidhi. “Basi kamfunike mumeo, mwanangu.”

Nimemfunika. Wabusu watoto, na mama mwambie nimenenepa kwa furaha.

Mdogo wako, Zawadi