Figa la Tatu

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Adelina wa chumba cha pili yuko kwenye kisomo cha watu wazima, anataka kuzoeza mkono. Haya andika mwanangu, mdomo ninao. Andika: Bi Mwajabu anakaa Temeke. Kwa sasa! Nilizaliwa Mikocheni, wakaja watu na kamba za kupimia — tukahama. Kipawa nikapanda minazi, haijazaa — hama! Sasa nimepanga hapa na mwanangu Mwinjuma. Watu huniuliza, Bibi, kwenu hasa wapi? Namie nawaonyesha mafiga. Mawe matatu ya jikoni kwa marehemu mama. Nikihama nateremsha hayo kwanza, nabandika uji. Sufuria isipoyumba, nishafika kwangu. Adelina anacheka, eti watu siku hizi wana majiko ya mafuta ya taa. Uji wenyewe unanuka taa!

Jumatano, 7 Agosti

Mwinjuma kaja na habari — Jumamosi twende Chamazi, mjukuu wa dada yangu anatolewa, ngoma ya mwali! Tulale siku mbili, turudi. Alhamdulillahi! Nimetoa kanga mpya. Nimemwimbia Adelina za unyagoni mpaka kaona haya. Hizo usiandike! Ila Mwinjuma hakucheka. Kala ugali kainamia sahani.

Alhamisi, 8 Agosti

Adelina hana nafasi leo, eti kichwa, ataandika hili tu. Haya.

Jumamosi, 10 Agosti

Adelina, leta daftari! Hapahapa uani.

Lori lipo nje. Nimemkuta Mwinjuma anaburuta gunia, limemshinda. Nikalipapasa — mawe! We Mwinjuma, mtu anakwenda ngomani na mafiga? Kaliachia gunia. Halafu ndiyo anasema, Mama, mji siku hizi unataka wenye kazi, kule kwenye kijiji cha ujamaa utapewa shamba. Na wewe? Mie nina kazi bandarini, Mama. Na mwali? Akapangusa mikono. Hakuna mwali, anasema.

Kunidanganya kwa mwali! Angesema tu, Mama hama, ningehama — lini nimekataa? Wale wa kamba walikuja mchana kweupe wakasema. Huyu nimemzaa, kaja na vigelegele.

Na chumba changu je? Kapewa Fransis. Fransis yupi? Kaka yake Adelina.

Mbona kalamu imesimama? Andika, Adelina. Umejua toka lini? Toka Jumanne, anasema. Kwa hiyo nilipokuwa nakuimbia ulijua! Analia. Lia, lakini andika.

Mafiga mawili yamo lorini. La tatu nimelichomoa guniani, nimelikalia. Dereva anapiga honi. Mwinjuma kasimama mbele yangu — Mama, inuka basi, watu wanatazama. Watazame! Mawe mawili yatabeba sufuria gani? Nimemwambia, kama ni kunihamisha, niinue mwenyewe, kwa mikono yako.

Andika hajaniinua. Andika bado kasimama, mikono kaificha nyuma. Andika namie bado nimelikalia.