Dume wa Kilima cha Mialoni

Mdogo wangu Lyle,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na shemeji Connie, na kwamba goti lako limetulia tangu mhamie kwenye jua la Arizona. Mimi naendelea. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja tangu shemeji yako Marlys atutoke, lakini jiko linawaka na kuni zipo.

Nataka kukupa habari za yule kulungu dume mkubwa, maana huko hakuna wa kukusimulia. Mchana alikuwa akilala juu kwenye mialoni, mgongo ameupa upepo, macho ameyaelekeza bondeni. Unakumbuka baba alivyotukataza kusogelea malazi ya kulungu kabla ya siku yenyewe ya kuwinda. Akikunusa hapo mara moja tu, amehama. Basi Oktoba yote sikukanyaga kule. Nilikaa dirishani na kahawa yangu, nikiangalia majani yanapeperuka kwenda upande gani.

LaVonne, yule jirani anayeendesha basi la shule, hupita kuniletea supu. Siku moja aliniuliza, "Orrin, huyo kulungu unamwinda au unamchumbia?" Nikamwambia nangoja upepo. Akasema marehemu mumewe naye alikuwa mtu wa kungoja upepo, wakaishia kula kuku mpaka theluji ikayeyuka. Nilicheka sana. Alipoondoka ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimesema na mtu tangu kanisani Jumapili.

Mwanzoni mwa Novemba baridi ikashuka ghafla, na upepo ukageuka, ukawa unatoka kaskazini-magharibi. Madume walikuwa wameanza kuhangaikia majike, kwa hiyo nilijua huyu naye atainuka mapema, kabla ya giza. Baada ya chakula cha mchana nikapanda kilima kwa ubavu, nikifuata kijito ambako hawezi kuniona, na harufu yangu ikichukuliwa bondeni mbali naye. Nikakwea kwenye kiti changu cha kuwindia juu ya mti, nikafunga mkanda, nikatulia.

Lyle, alifanya kila kitu kama nilivyokisia. Jua lilikuwa bado halijagusa kilima niliposikia majani makavu. Akainuka, akajikung'uta kama mbwa aliyelowa, akasugua pembe kwenye mti mdogo. Kisha akaanza kuja kwangu, hatua moja, kimya, halafu nyingine. Nikavuta upinde.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipomtazama, hakuwepo. Pembeni niliiona mialoni, niliyaona mawingu. Katikati, pale lilipopaswa kuwa bega lake, palikuwa na doa la kijivu, na nikihamisha jicho, doa nalo linahama. Alipita chini yangu karibu kiasi cha kumsikia anapumua. Nikaulegeza upinde taratibu. Sikutaka kumpiga mshale wa tumbo, akafie vichakani peke yake.

Daktari wa macho kule La Crosse aliniambia tangu majira ya kuchipua kwamba sehemu ya katikati inakufa, na haitarudi. Ndiyo maana herufi hizi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. LaVonne nilimwambia kulungu hakutokea. Akasema, "Si nilikuambia? Kuku," akaacha bakuli mezani. Gari nimeacha kuendesha. Yeye anadhani limeharibika.

Sikuombi urudi kuishi huku. Ila msimu ujao njoo ukae nami. Mimi nitakuambia siku ya kupanda na njia ya kupita, wewe utatazama. Na ukishindwa kuja, uwe unanipigia simu jioni, hata kama huna la kusema.

Msalimie sana Connie. Msomee barua hii yote, na hapo pa macho usiparuke.

Kaka yako,
Orrin