Mtoto Aliyechora Njia ya Dunia Kama Yai

12 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma na mama anakusimamia unywe dawa. Mimi mzima, ila baridi ya huku inafika mpaka kwenye meno. Naandika kwa sababu kwenye simu unaitikia tu "eeh, eeh", na najua husikii kitu.

Hapa kwenye kituo cha kuchunguza anga wameniajiri moja kwa moja. Uliuliza nafanya nini kutwa mbele ya kompyuta. Napima njia za mawe yanayolizunguka jua. Baba, hakuna hata moja linalopita kwenye duara kamili. Kila njia imebonyea, kidogo au sana, na jua haliko katikati, limekaa upande mmoja. Kubonyea huko kuna kipimo chake: sifuri ni duara kamili, na namba ikisogelea moja, njia inarefuka. Njia ya Zuhura nusura iwe duara. Ya dunia yetu imebonyea kidogo tu, jicho halioni, ila Januari tunakuwa karibu na jua kuliko Julai kwa kilometa milioni tano. Sayari ya Zebaki ikiwa mbali na jua, umbali wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa karibu. Nyota zenye mkia ndizo balaa: zinakuja mbio, zinazunguka jua, kisha hazionekani miaka na miaka. Nisipojua njia ya jiwe imebonyea kiasi gani, nitalitafuta mahali lisipokuwepo, na huenda linakuja kwetu.

Nilijua utafurahi, mwalimu wangu wa kwanza wa sayansi.

Binti yako

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Mama yako hajambo, anauliza kama unakula. Barua yako niliipata mwezi wa tatu. Nilichelewa kujibu si kwa ugonjwa, wala si kosa la posta. Ni aibu.

Unamkumbuka Yai, mliyekuwa naye darasa la sita? Siku ile nilichora jua katikati ya ubao, nikachukua bikari ya mbao nikazungusha duara, nikawaambia mchore. Yeye akachora njia ndefu, jua pembeni. Nikainua daftari lake juu nikauliza, "Hili ni yai?" Mkacheka wote. Akasema dunia haiendi kwenye duara, amesoma. Nikamuuliza amesoma wapi, akanyamaza. Nikaona ni kiburi. Nilimchapa viboko vinne mbele yenu, nikamsimamisha na daftari kichwani mpaka kengele. Tangu hapo jina lake la kweli likafa, akawa Yai. Muhula uliofuata hakurudi. Mwalimu mkuu aliponiuliza, nilijibu kwamba kijana yule shule haimo kichwani mwake.

Sasa ni fundi wa kuchomelea, hatua mia mbili kutoka hapa kwetu. Ukutani ameandika YAI, MAGETI NA MADIRISHA. Nikienda dukani huwa navuka barabara nisipite mlangoni kwake. Miaka yote najiambia ni zile cheche, zinaumiza macho.

Mwanangu, nilifundisha duara lile miaka thelathini na moja. Nifanye nini?

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole kwa mawazo. Mimi sijambo, nakula, mwambie mama.

Usijitese. Hata wanaanga wa kale walishikilia duara karne na karne, sembuse mwalimu wa shule ya msingi mwenye chaki na wanafunzi sitini. Yai ana kazi yake, ana familia, bila shaka alishasahau. Ukienda kumfukulia mambo ya zamani utamtonesha kidonda kilichokwisha kupona. Nakuomba usiende.

Kazi imenibana, nitaandika kirefu siku nyingine.

Binti yako

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nilikwenda.

Nilimkuta anaunga dirisha. Nilipomaliza kusema yangu, akavua glavu, akaniletea kiti. Akasema, "Mwalimu, mimi jina nimelizoea, hata wateja linaniletea. Lakini binti yangu yuko darasa la nne, wanamwita Kiyai. Asubuhi namburuta kwenda shule. Kama umekuja kuniomba radhi, nimekusikia. Sasa wakakusikie na wao."

Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu wa siku hizi, mama mmoja mpole, akanipa kipindi kimoja darasa la nne. Nilipigilia misumari miwili kwenye ubao wa mbao, nikaizungushia kitanzi cha uzi, nikaingiza chaki ndani ya uzi na kuizungusha. Ikatoka njia iliyobonyea. Nikachora jua kwenye msumari mmoja. Nikawaambia kwamba hivi ndivyo sayari zinavyokwenda, na kuna mtoto wa karibu rika lao aliyenichorea hivi, nami nikampiga. Nikamtaja kwa jina alilopewa na mama yake.

Mtoto mmoja akauliza nilijuaje kwamba nimekosea. Nikasema binti yangu ndiye aliyenifumbua macho, anapima njia za mawe ya angani. Wakakupigia makofi, mwanangu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Naye alipiga, polepole.

Jambo moja sijalielewa. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza tena, ile habari aliisoma wapi. Akasema, "Siku ile uliniuliza sikukujibu, Mwalimu. Na leo sitakujibu."

Baba yako

14 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sijui goti likoje, sijui mama yukoje, na kosa ni langu. Barua zako mbili za mwezi wa nane nimezipata, na kadi ya mama pia. Nilianza kujibu mara nyingi, nikachana.

Kitabu kilikuwa chako. Kile chenye jalada la kijani, kilichokaa kabatini mwako chini ya madaftari ya kusahihishwa. Ulikataza mtu kugusa kabati lile. Nilikiiba, nikakisoma, nikamwazima yeye kwa sababu darasa zima hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye habari za nyota. Alinirudishia, nami nikakirejesha kabatini kabla hujajua. Hata mimi nilikuwa nimechora kama yeye. Ulipoinua daftari lake, nilifuta langu kwa kiganja changu nikachora duara. Ukapita, ukaliwekea alama ya vema.

Ulipomuuliza amesoma wapi, alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Viboko vinne, baba, nami nikavihesabu nikiwa nimekaa. Na nilicheka pamoja na wengine ili usinitambue usoni.

Kwenye usaili wa kazi hii waliniuliza nilianzaje kupenda anga. Nilisema nilikipata kitabu nyumbani. Wakatabasamu. Na sasa watoto wananipigia makofi, na yeye anapiga.

Nilikukataza kwenda kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Tafadhali, ukimwona, mfikishie radhi zangu.

Binti yako

3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, mama yako ni mzima.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Kabati nimelifungua, kitabu kipo, kina picha ya njia ile ukurasa wa tisa. Nilikinunua nikiwa chuoni ili wenzangu wakione rafuni kwangu. Sikuwahi kukisoma.

Nilidhani nimemaliza kuona aibu. Kumbe mtoto wangu mwenyewe, wa miaka kumi na miwili, aliona heri mwenzake apigwe kuliko mimi nijue amegusa kabati. Mtoto hazaliwi na woga wa namna hiyo. Huo nao ni mimi niliyekufundisha, na ulifaulu kuliko masomo yote. Nisamehe.

Lakini radhi zako sitamfikishia. Mimi nilikwenda kwa goti hili bovu, wewe una kalamu. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia anwani yake na jina lake kamili. Mwandikie kwa jina hilo.

Na usianze kwa kumwambia kwamba ulikuwa mtoto. Mimi nilianza kwa kusema enzi zile ndivyo tulivyofundishwa, akashusha kioo chake usoni akaendelea kuchomelea mpaka nilipofika kwenye kosa lenyewe.

Baba yako