Hadithi ya Josephine Haisimuliwi Juni

Bi Kisa mpendwa, nisaidie, maana nimechoka hadi usingizi hauniondolei uchovu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nakaa huku ughaibuni, mjini Richmond Hill, na mume na watoto, na tangu nipate udaktari wangu nafundisha chuo kikuu kwa mikataba ya muhula kwa muhula, somo langu ni historia ya wenyeji wa asili wa nchi hii na namna walivyopambana na ukoloni, na msikitini bado wananiuliza kwa nini sikusomea uhasibu. Sasa imetangazwa kazi ya kudumu, nimeitwa Juni nitoe mhadhara mbele ya kamati, na wanachokitaka ni hadithi niliyoigusia kwenye maombi yangu, aliyonisimulia Josephine, bibi wa Kiojibwe, kabila mojawapo la wenyeji hao, anayenichukua kama mwanawe, hadithi ambayo wazee wake waliwasimulia kwa siri watoto waliotoroka shule za bweni za serikali walikopelekwa kwa nguvu. Lakini kwao hadithi za namna hiyo husimuliwa majira ya baridi tu, theluji ikiwa imetanda, nami nilipompigia simu kumwomba ruhusa alisema, "Juni hapana, mwanangu," akaanza kuniuliza habari za watoto. Mume wangu Shaukat anasema, "Wape tu hiyo story, bwana, upate permanent. Nani atamwambia bibi?" na kuna siku, Bi Kisa, naona ana hoja. Nifanye nini?

Roshan

JIBU

Roshan, pole. Kuishi kwa mikataba kunachosha, na mumeo si mtu mbaya, naye amechoka kukuona hivyo. Ila ruhusa umeomba na jibu umepewa, sasa mimi unaniuliza nini?

Chuo kingekutaka umwoze binti yako usiku wa Ashura, tunapoomboleza, kwa kuwa ndio usiku ukumbi uko wazi, ungeniandikia? Ungesema kwetu haifanyiki, basi. Kwa Josephine ni vivyo hivyo.

Mpigie tena leo, umuulize lipi linasemeka Juni. Kisha iambie kamati mapema kwamba hadithi hiyo hutaisimulia, na uwaeleze sababu ndani ya mhadhara wenyewe: watu walionyang'anywa ardhi na watoto walibaki na uamuzi wa nani asikie nini, na lini. Huko nako ni kupambana na ukoloni, na wewe umekushuhudia kwenye simu. Wiki ya mhadhara Shaukat apike.

Kamati inaweza kukukataa, sikudanganyi. Kazi ukiikosa, nenda ukalie kwa Josephine. Ukiipata kwa hadithi yake, furaha hiyo utampelekea nani?