Nusu Kibuyu cha Mtama wa Mama

Jumanne, 12 Machi 2013
Nimekama mbuzi. Nimechimba maji kwenye laga, mto wetu mkavu. Mume wangu, Baba Akiru, amerudi kutoka Lodwar na mbegu ya mahindi na mfuko wa mbolea ya dukani. Anasema mtama wa marehemu mama yangu umezeeka. Sikubishana. Lakini huku kwetu shamba la mtama ni la mwanamke. Mama aliniachia lake pamoja na kibuyu cha mbegu. Nitapanda mbegu zote mbili.

Jumatano, 20 Machi
Mvua jana. Nimepanda mahindi kidogo na mtama nusu kibuyu. Kila shimo kiganja kizima cha mbolea, juu ya mbegu. Ikizidi si ndiyo baraka?

Alhamisi, 28 Machi
Hakuna kilichoota. Nimefukua. Mbegu zimeungua kama zimekaangwa. Ni mimi nimeziua. Imebaki nusu kibuyu, na hiyo ikipotea mtama wa mama umeisha kabisa. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 30 Machi
Nyandeng wa kambi ya wakimbizi amekuja na unga wa msaada, tubadilishane na kuni. Nikamwonyesha shamba. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Akiru, umetia chumvi chakula hakijazaliwa." Nikacheka na machozi juu. Anasema kwao Sudani Kusini ng'ombe hulala shambani kwanza, samadi iingie, ndipo watu wapande. Mimi nina mbuzi.

Jumatatu, 8 Aprili
Zizi liko shambani. Kila siku tatu nasogeza ua wa miiba mbele. Baba Akiru anauliza kama siku hizi mbuzi ndio bwana shamba. Acha acheke.

Jumatatu, 22 Aprili
Mvua kubwa, laga imejaa. Nimepanda nusu yote iliyobaki, kwenye vishimo vya kukamata maji, samadi chini. Baba Akiru amepanda mahindi yake upande wa pili, na mbolea iliyobaki. Yeye ametia kidogo.

Jumapili, 19 Mei
Mvua hakuna tena. Mahindi yaliota vizuri kuliko mtama, sasa yamejikunja. Nikitia kidole chini ya samadi, bado kuna ubaridi. Kanisani sikusikia mahubiri. Niliomba mvua moja tu.

Jumanne, 28 Mei
Imenyesha. Ndogo. Mahindi hayakuamka. Mtama umeamka.

Jumatano, 24 Julai
Tumevuna. Ndege walichukua fungu lao, Akiru amewafukuza mpaka sauti imekauka, binti yangu. Nyandeng nimempa beseni moja. Alinusa, akatia kiganja ndani. Unga wa gunia unashibisha, lakini haupandwi. Baba Akiru amekula bakuli mbili, akasema neno moja, ejok, yaani nzuri. Kwake hiyo ni hotuba.
Nimejaza kibuyu mbegu, nikatia majivu, nikafunga. Akiru ameuliza ni cha nani. Nimemwambia, "Ni chako."
Mbuzi wako shambani, wanakula mabua.