Kelele za Bibi Yako Kwenye Kaseti

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Makere tu wazima, na shangazi yako amejifungua wa kike. Mwandiko wangu uvumilie.

Umeuliza kama ufute kelele kwenye kaseti ya zeze langu. Kasulu nzima hakuna aliyenifikia kwa zeze, hilo ulijue. Siku ile ya kurekodi kwa redio ya kaseti nilimtoa bibi yako nje, pawe kimya. Nikapiga bila kosa, sauti safi kabisa, lakini nilipoisikiliza nikasinzia mwenyewe. Bibi yako akarudi na kinu, akaanza kutwanga mihogo, akasema, "Baba Yohana, unapiga kama unaiogopa redio." Nikakasirika, nikarekodi upya juu ya ile safi, nikiufuata mchi wake.

Kelele zako ndizo hizo. Tangu tumzike, sauti yake nyingine sina. Usifute hata kikohozi.

Babu yako