Sabini na Moja kwa Mia

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapokanyaga cherehani. Shemeji hajambo? Na binti yangu, bado anakumalizia vitambaa kwa kuwashonea wanasesere nguo? Mimi ni mzima, na leo nimelala mpaka jua likanipiga usoni.

Dada, nimefaulu! Shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari nimeipata, yamebaki masahihisho madogo tu. Lakini mambo hayakwenda kama nilivyokuwa nikikusimulia.

Unaikumbuka programu yangu, ile ya kuionya stoo ya hospitali kwamba dawa fulani inakaribia kuisha. Nilikutambia kuwa inapatia mara tisini na saba katika kila mia. Hata msimamizi wangu, mama tunayemwita Mkasi kwa jinsi anavyokata kurasa za watu, alinisifu. Basi wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu, nikagundua kwamba rekodi nilizoipimia ni zilezile nilizoifundishia. Ni sawa na mwalimu kuwapa wanafunzi mtihani ambao wameshaonyeshwa majibu yake. Nikaipima upya kwa rekodi ambazo haijapata kuziona. Sabini na moja.

Hakuna aliyejua, nami nikanyamaza siku nne. Ya tano nikapita stoo, nikamkuta mfamasia akimweleza mzee mmoja kwamba dawa yake ya presha imeisha, arudi wiki ijayo. Mzee alikunja karatasi yake, akaondoka taratibu. Nikawaza, kesho mfamasia huyu ataiamini programu yangu, aache kuagiza, na watakaorudishwa mikono mitupu ni wazee kama huyu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mkasi, nikayamwaga yote. Yeye akasema, "Kaa chini. Sura ya nne tunaiandika upya, leo hii."

Mbele ya jopo nililitaja kosa langu kabla hawajaniuliza. Mmoja wao akataka kujua kwa nini wampe shahada mtu wa sabini na moja. Nikamjibu kuwa stoo sasa inakisia kwa macho, na haifiki hata hamsini. Wakanitoa nje. Waliponiita tena, Mkasi alikuwa anatabasamu, na hapo nikajua.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Zile siku nne, dada, simu yangu haikuharibika kama nilivyokwambia. Niliizima. Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha masomo, nimeshaitia sahihi, nikaogopa kuisikia sauti yako, wewe uliyenilelea mtoto miaka miwili bila kusema umechoka. Nisamehe kwa kukudanganya. Ile barua nimeichana jana, nikalala.

Msalimie sana shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Mwambie binti yangu nakuja Jumamosi kumchukua, na safari hii sina haraka ya kuondoka. Nataka siku mbili za kukaa tu pembeni ya cherehani yako, tukipiga soga.

Ni mimi mdogo wako,
yule unayemwita Kiherehere